Kwa Nini Punje ya Chumvi Hushikana Pande Sita

Ilikuwa Alhamisi, mwezi ukiwa na siku kumi na tisa, saa tisa na robo alasiri, joto la kwanza lilipoiacha dunia. Kabla ya saa hiyo hapakuwa na kitu kilichoshikana na kingine. Hapakuwa na jiwe, kwa kuwa jiwe ni wengi waliokubali kukaa pamoja. Hapakuwa na tone la maji, wala punje ya chumvi, wala chungu cha kuchemshia. Palikuwa na watu wa Chembe tu, wadogo kupita vumbi, na kila mmoja alikimbia peke yake ndani ya joto lile. Walipitana bila salamu, na hakuna aliyeona kwamba amekosa kitu.

Twende polepole hapa, maana yote yaliyofuata yalitokana na jinsi watu hao walivyojengewa nyumba zao.

Mtu wa Chembe alikaa katikati ya nyumba, mahali panapoitwa kiini, na nyumba ilitembea naye popote alipokwenda. Watoto wake walikuwa cheche, wepesi mno, wakimzunguka mchana kutwa. Chumba cha ndani kabisa kilikuwa na vigoda viwili. Chumba cha pili kilikuwa na vigoda vinane. Kisha ulikuja ua wa nje, nao ukawa na vigoda vinane. Mungu ndiye aliyegawa watoto, na hakumpa kila mtu idadi moja. Wako waliojaliwa hata ua ukajaa. Wako waliobakiwa na kigoda kimoja kitupu. Na wako ambao vyumba vyao vya ndani vilijaa vizuri, lakini uani walikuwa na mtoto mmoja tu, kitinda mimba, akicheza peke yake kati ya vigoda saba visivyo na mtu.

Nyasolo, mama wa ukoo wa Sodiamu, alikuwa mmoja wa hao wa mwisho. Alijaliwa watoto kumi na mmoja. Wawili walikaa chumba cha ndani, wanane chumba cha pili, na hao kumi hawakumsumbua kamwe. Wa kumi na mmoja aliitwa Tindi. Huyo ndiye aliyekaa uani. Kwa kuwa alikuwa mbali kidogo na kiini, mama yake alizoea kumwita mara nyingi kuliko wenzake, si kwa haja yoyote, ila kusikia tu akiitika.

Ile Alhamisi joto liliposhuka, baridi iliingia katika nyua. Nyumba ambayo vigoda vyake vyote vimekaliwa, baridi haikupata pa kupita. Lakini nyumba yenye pengo ilitetemeka, na aliyetetemeka kupita wote alikuwa yule aliyekaa karibu na pengo. Nyasolo alimwita Tindi, naye akaitika kwa sauti nyembamba. Akamwita tena, sauti ikawa nyembamba zaidi. Hapo mama akajua kwamba mtoto yule hatadumu uani peke yake. Alimfunika kadiri alivyoweza, akaondoka naye kwenda kutafuta watu.

Alianza kwa matajiri, kama wengi wetu tunavyoanza. Neoni alikuwa na ua uliojaa, kimya, hakuna kigoda kilichotikisika.

"Hodi hapa," Nyasolo alisema.

"Hodi ya nini?" Neoni aliuliza bila kufungua. "Kwangu pamejaa, mama. Ungekuja na kigoda ningekuelewa. Unakuja na mtoto!"

Jirani yake Argoni alicheka kule ndani kwake. "Mwambie apite mwakani."

Nyasolo aligeuka, akaenda zake. Mpaka leo watu wa ukoo ule hawashikani na mtu, hata wao kwa wao, wanaelea tu hewani wakiwa wameshiba.

Kutoka hapo alifika kwa watu wa Shaba. Hawa walikuwa wamefanya jambo ambalo Nyasolo hakuwahi kuliona. Walibomoa kuta za nyua zao zote, wakawa na uwanja mmoja mkubwa, na watoto wao wa nje walikimbia humo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kama maji ya mfereji. Wazazi walikaa kwenye viini vyao, wamejipanga safu kwa safu, na furaha ya watoto wale iliwabana wote pamoja. Uwanja mzima uling'aa.

Bibi Kafunya, mkubwa wa mji ule, alikuwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mweke chini huyo. Mbona umembana kama umemwiba?"

Nyasolo aliwatazama watoto wakipita. "Bibi, wa kwako ni yupi kati ya hawa?"

"Wa kwangu?" Bibi Kafunya alicheka mpaka safu yake ikatikisika. "Hapa hatuulizani hivyo. Anayepita mbele yangu ndiye wangu. Akishapita, ni wa huyo jirani. Na jirani mwenyewe mvivu, hata kuwahesabu hawahesabu."

"Nimekusikia!" jirani alisema.

"Ndiyo, nilitaka usikie." Kisha akamgeukia tena Nyasolo. "Muache aingie, mama. Ataona joto sasa hivi."

Tindi alikuwa amekwisha kunyoosha shingo kuutazama uwanja. Miguu yake ilicheza. Nyasolo akamvuta nyuma.

"Bibi, mimi nataka nijue mwanangu yuko wapi. Nikimwita, aitike yeye."

"Utaita, wataitika elfu. Ubaya uko wapi?"

"Mimi nimemzaa mmoja huyu."

Bibi Kafunya hakukasirika. "Haya," alisema. "Sisi mlango hatuna. Ukichoka, rudi." Nyasolo alishukuru, akaenda zake. Baadaye, siku nyingi sana baadaye, aliikumbuka miguu ya Tindi ilivyocheza pale, na kukumbuka huko hakukumwacha.

Mbele kidogo alimkuta bwana mmoja wa ukoo wa Oksijeni, na pamoja naye dada wawili wa ukoo wa Haidrojeni. Nyumba za akina dada zilikuwa ndogo kuliko zote duniani, chumba kimoja tu chenye vigoda viwili, na kila mmoja alikuwa na mtoto mmoja. Oksijeni alikuwa na watoto sita uani na vigoda viwili vitupu. Hawa hawakubomoa kila kitu kama Shaba, wala hawakupeana watoto moja kwa moja. Walitoboa ukuta kati ya nyumba na nyumba, wakaweka benchi penye tundu. Kwenye kila benchi walikaa watoto wawili, mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule, na kila upande uliwahesabu wote wawili kuwa wake. Kwa hesabu ya kila dada, chumba kilijaa. Kwa hesabu ya Oksijeni, sita na wawili ni wanane, ua ukatimia. Hakuna aliyedanganya, na baridi ikapita nje.

Walikuwa na ugomvi mdogo tu. Oksijeni alikuwa na mkono wenye nguvu, na mabenchi yalizidi kusogea upande wake.

"Kaka," dada mdogo alisema, "si tulikubaliana katikati? Katikati gani hii iliyo mlangoni pako?"

"Ni mteremko," Oksijeni alisema.

"Mteremko! Na huku kwangu nako ni mteremko?" dada mkubwa aliuliza, na hapo watoto kwenye mabenchi wakaangua kicheko.

Dada hao hawakukaa mmoja kulia na mmoja kushoto sawasawa. Walijisogeza upande mmoja wa kichwa chake, kama masikio ya sungura, na kwa sababu hiyo jamaa ile, ambayo ndiyo maji, ikawa na nyuso mbili. Upande wa Oksijeni, watoto walijazana. Upande wa akina dada ulibaki mwepesi, wenye hamu ya watoto. Nyasolo aliupenda sana mpango huo wa benchi. Alisema moyoni, nitapata mtu mmoja, tutaweka benchi, Tindi atakaa katikati, nami nitamwona asubuhi na jioni.

Mtu aliyempata aliitwa Lugoye, wa ukoo wa Klorini. Alikuwa na watoto saba uani na kigoda kimoja kitupu, na kigoda hicho kilimtesa. Alikuwa amechoka, macho mekundu, lakini alimkaribisha vizuri. Walitoboa ukuta, wakaweka benchi. Nyasolo alimkalisha Tindi hapo, na kabla hajageuka benchi lilikuwa limefika mlangoni kwa Lugoye. Walilirudisha. Likaenda tena.

"Baba, mbona unavuta?"

"Sivuti, mama. Ndivyo nilivyoumbwa." Lugoye aliona aibu. "Na wewe huna mkono wa kushika. Angalia mwenyewe. Hili si benchi la watu wawili."

Baridi ilipita katikati yao. Hatimaye Lugoye alisema, "Nipe nikulelee. Simchukui awe wangu. Wewe utakaa hapa hapa ubavuni mwangu, utamsikia akicheka kila siku. Na huko kwako ukishafunga ua, hao kumi waliobaki wataona joto."

Ilikuwa kweli. Nyasolo alipima kila upande na hakuona njia nyingine.

Sasa watu wa Chembe walikuwa na desturi moja katika kumtoa mtoto kulelewa. Mtoto huagwa akiwa macho. Mama humshika mabega, humtajia jina lake na jina la nyumba aliyotoka, mara tatu, mbele ya yule anayempokea, na mtoto hulirudia. Cheche zote hufanana, hazina kovu wala alama, na mtoto asiyeagwa hivyo hana namna ya kujua kwamba aliwahi kuwa na kwao kwingine.

Lakini saa hiyo, adhuhuri, Tindi alikuwa amelala. Alilala palepale kwenye benchi, mdomo wazi, kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi.

"Muamshe umuage," Lugoye alisema.

"Amelala vizuri."

"Desturi ni desturi, mama."

"Akiamka atalia. Nikimwona analia nitamrudisha nyumbani, na nikimrudisha atakufa kwa baridi." Nyasolo alipangusa uso. "Mimi ni mama yake. Nahitaji desturi ili kumjua mwanangu? Mchukue hivi hivi. Akiamka nitazungumza naye."

Lugoye alijua haifai. Lakini kigoda kilikuwa kitupu na baridi ilikuwa kali, naye alinyamaza. Akamchukua mtoto polepole, akamweka kwenye kigoda cha nane.

Papo hapo ua wa Nyasolo ulijikunja, na chumba cha pili chenye watoto wanane kikawa ndicho cha nje. Nyumba yake ikawa ndogo, ya Lugoye ikatanuka. Kutetemeka kukaisha pande zote mbili. Nyasolo alitaka kusogea akaitazame nyumba ya Lugoye kwa mbali, akaona hawezi. Hakuna kamba iliyofungwa wala mkono ulioshikwa, lakini kila alipojaribu kwenda alirudishwa ubavuni mwa Lugoye, mahali alipo mtoto. Mtu aliyetoa na mtu aliyepokea hawaachani kirahisi.

Wengine waliona, wakafanya vilevile. Akina mama wa Sodiamu walikuja na vitinda mimba wao, akina baba wa Klorini wakaja na vigoda vyao. Kila Sodiamu alivutwa na kila Klorini aliyekuwa karibu, wakajipanga mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, mpaka ukawa mji wenye pembe nyoofu. Ndiyo punje ya kwanza ya chumvi. Kumbe akina mama wenzake walikuwa wameona yeye alivyofanya, na wao nao hawakuwaamsha watoto. Walidhani ndiyo desturi mpya.

Tindi aliamka. Nyasolo alisikia watoto wanane wakicheka nyumbani kwa Lugoye, akasema moyoni, leo wacha acheze, nitazungumza naye kesho. Kesho yake walikuwa wakicheza tena, akaona vibaya kuwakatiza. Siku zikaenda. Kicheko alikisikia kila siku, na alitosheka nacho, kama mtu anavyotosheka na sauti ya mtu aliye chumba cha pili, akijua yupo.

Kisha mvua ikanyesha.

Maji yalikuja kwa maelfu, Oksijeni na dada zao wakiwa ndugu wengi sasa. Hawakuja kwa ubaya. Walikuja kama majirani wajao penye shida, wote kwa pamoja, na kila mmoja alikwenda upande uliomfaa. Akina dada waliwazunguka akina Klorini, kwa hamu ya watoto. Oksijeni waliwaelekea akina mama wa Sodiamu, ambao nyumba zao zilikuwa zimepungukiwa.

"Pole, mama," walimwambia Nyasolo. "Sogea kidogo upate nafasi. Kidogo tu."

"Niacheni hapa."

"Kidogo tu, mama. Tuko nawe."

Walimshika kwa upole, sita kwa mkupuo, wakamwondoa. Alimsikia Lugoye akiita, "Nyasolo! Niko huku!"

"Huku wapi?"

"Huku!"

Lakini akina Klorini wote waliita "niko huku", na sauti zao zilikuwa moja. Nyasolo alipiga kelele, "Tindi! Tindi wa nyumba ya Nyasolo!" Alilitaja jina hilo mara tatu, kama alivyopaswa kulitaja adhuhuri ile. Hakuna aliyeitika. Maji yalimchukua huku yakimpa pole.

Hakuna ajuaye alielea siku ngapi. Jua lilipotoka, maji yalianza kuondoka mmoja mmoja, yakiaga kwa adabu, na wale waliotawanyika walisogeleana tena. Nyasolo alivutwa mpaka akatulia mahali. Alikuta Klorini sita wamemzunguka.

"Lugoye?" alimuuliza wa kulia.

"Hapana, mama. Mimi si Lugoye."

Wa kushoto alitikisa kichwa. Wa mbele alikuwa mgeni kutoka upande mwingine wa bwawa lililoachwa na mvua. Wa nyuma alisema aliwahi kukaa karibu na mtu wa jina hilo, lakini zamani. Wa juu na wa chini hata wao hawakujua tena nani alikuwa nani.

Ndipo Nyasolo akaita kwa sauti ndogo, sauti ile aliyozoea kuita uani, "Tindi."

Nyumba sita, watoto wanane kila nyumba. Watoto arobaini na wanane waligeuza shingo, wakamtazama. Walikuwa na uso mmoja. Alitazama huyu, akamtazama yule, akarudi kwa wa kwanza. Mmoja aliinua mkono kama anayetaka kusema kitu, halafu akasahau, akarudi mchezoni.

Wa juu alimwambia, "Mama, huenda yupo hapa."

"Huenda," Nyasolo alisema.

Na tangu siku hiyo mambo yamekaa hivyo. Watu wa Shaba bado wana uwanja mmoja, na hivyo ukiigonga shaba inapinda, haivunjiki. Ukipeleka umeme upande mmoja, watoto wanakimbia nao hadi upande wa pili. Maji bado yanahesabu watoto wake kwenye benchi, na kwa nyuso zake mbili hayaachi kwenda kutenganisha wengine kwa nia njema. Chumvi ukiigonga inapasuka, kwa sababu safu ikiteleza kidogo tu, Klorini hukutana na Klorini, wakachukiana. Ukiitia majini inapotea. Na maji yakikauka, juani au chunguni, inarudi, nyoofu na nyeupe kama ilivyokuwa, isipokuwa walioko ndani si wale waliokaa pamoja jana.

Na kila inaporudi, Nyasolo na akina mama wa ukoo wake hawamchagui mmoja. Hushika wa mbele na wa nyuma, wa kulia na wa kushoto, wa juu na wa chini, wote sita kwa nguvu sawa, kwa sababu yeyote kati yao anaweza kuwa ndiye.

Ee Mungu uliyewagawa watoto na uliyewahesabu, wewe huchanganyi nyuso. Uwapokee waliotutoka wakiwa wamelala, na wale tuliokawia kuwaaga tukidhani kesho ipo. Uwaite kwa majina yao, mara tatu, kwa kuwa sisi hatukuwaita. Uwaweke mahali penye joto, na sisi tuliobaki utusamehe. Amina.